Nani Alipie Jokofu Bovu? Historia ya Mifumo ya Kurejeleza Taka za Kielektroniki

Taka za kielektroniki ni vifaa vinavyotumia umeme au betri ambavyo mwenye navyo amevitupa au anakusudia kuvitupa: jokofu lililokufa kompresa, televisheni ya kichogo, simu iliyopasuka kioo, kompyuta isiyowaka, chaja, pasi, redio. Kinachozitenga na taka nyingine ni kwamba ndani yake mali na sumu vimefungwa pamoja. Nyaya zina shaba, maganda yana chuma na alumini, na bodi za saketi zina dhahabu, fedha na paladiamu. Tani moja ya simu zilizotolewa betri inaweza kuwa na gramu 300 hivi za dhahabu, ilhali tani ya mawe ya mgodini aghalabu hutoa gramu chache tu. Lakini kioo cha televisheni ya kichogo kina risasi, taa zilizomulika vioo bapa vya zamani zina zebaki, majokofu ya zamani yana gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, na plastiki nyingi zimetiwa kemikali za kuzuia moto ambazo zikichomwa hutoa moshi wa sumu.

Kwa sababu hiyo, popote taka hizi zilipoachwa zijiendee zenyewe, minofu iligombewa na mifupa ikatupwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu hutoa fedha apewe shaba. Kioo chenye risasi hakina mnunuzi. Ili kichukuliwe na kutunzwa salama, lazima anayekichukua alipwe. Mitambo ya kusaga na kuyeyusha ilipatikana mapema. Kilichochukua miaka mingi, na ambacho nchi nyingi bado zinakitafuta, ni mtu wa kulipia mifupa.

Kutoka jokofu hadi kompyuta: Uswisi

Hadi miaka ya 1980 vifaa vibovu vya umeme katika nchi za viwanda vilikuwa mzigo wa halmashauri za miji. Mwananchi aliviweka nje pamoja na taka kubwa nyingine, gari likavibeba, vikaishia kwenye dampo au kwa msaga vyuma. Mwaka 1987 nchi zilikubaliana mjini Montreal kupunguza gesi zinazotoboa tabaka la ozoni, na baadhi ya gesi hizo zilikuwa ndani ya majokofu ya majumbani. Kulisaga jokofu kama debe la kawaida kukawa ni kuiachia gesi hiyo angani. Ilibidi inyonywe kwanza kwa mitambo maalumu, nayo kazi hiyo ina gharama ambayo bei ya chuma haiifikii.

Uswisi ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kulijengea jambo hili mfumo kamili. Mwaka 1990 ilianzishwa taasisi ya SENS, iliyoanza na majokofu kisha ikaingia katika vifaa vingine vya nyumbani. Swico, chama cha wauzaji na waagizaji wa kompyuta na vifaa vya ofisi, kilianza mfumo wake mwaka 1994. Msingi wa mfumo huo ulikuwa ada ya mapema. Mnunuzi wa kifaa kipya hulipa dukani kiasi kidogo juu ya bei. Fedha hiyo huingia katika mfuko unaosimamiwa na wafanyabiashara wenyewe, na mfuko huo ndio unaolipia usafirishaji, uchambuaji na utunzaji wa vipande vya hatari. Siku kifaa kinapokufa, mwenye nacho hukirudisha bila kutoa hata senti, katika duka lolote linalouza vifaa vya aina hiyo au katika kituo cha kukusanyia.

Ustadi wa mpango huu unaonekana mahali ambapo fedha inakaa. Haiingii hazina ya serikali, hivyo haiwezi kuhamishiwa kwingine. Haidaiwi siku ya kutupa, hivyo mtu hana sababu ya kulitelekeza jokofu msituni. Wanaochambua hukaguliwa na wataalamu, wakiwemo wa Empa, taasisi ya utafiti ya shirikisho, na asiyefikia kiwango hapewi kazi. Serikali ilikuja nyuma ya wafanyabiashara: agizo la mwaka 1998 liliwataka wauzaji wapokee vifaa na wateja wavirudishe, wakati mfumo wenyewe ulikuwa umekwisha kutembea kwa miaka kadhaa. Kasoro yake ilibaki kuwa wadandiaji, yaani waagizaji wanaouza vifaa bila kuchangia mfuko, ambao bidhaa zao huja kuchambuliwa kwa fedha za wenzao.

Wakati huohuo wazo hili lilikuwa likipata jina nchini Uswidi. Mwaka 1990 Thomas Lindhqvist wa Chuo Kikuu cha Lund aliwasilisha kwa wizara ya mazingira hoja ya wajibu mpana wa mzalishaji: anayetengeneza bidhaa awajibike nayo hadi mwisho wa maisha yake. Hoja hiyo ilihusu mbuni kuliko dampo. Kampuni itakayokuja kulipia kubomoa kifaa chake yenyewe, Lindhqvist alitarajia, itakibuni kiwe chepesi kubomoka: skrubu badala ya gundi, plastiki za aina chache, sumu kidogo.

Meli za sumu na mkataba wa Basel

Nchi tajiri zilipoanza kubana madampo yao, taka zilianza kusafiri. Mwaka 1986 meli ya Khian Sea iliondoka Philadelphia ikiwa na tani zipatazo 14,000 za majivu ya taka, ikazunguka bahari kwa miezi ikikataliwa bandari hadi bandari; sehemu ya shehena ilimwagwa Haiti na iliyobaki ikaishia baharini. Mwaka 1988 mapipa ya taka za sumu kutoka Italia yaligunduliwa Koko, bandari ndogo ya Nigeria. Mkataba wa Basel wa kudhibiti usafirishaji wa taka za hatari kuvuka mipaka ulipitishwa mwezi Machi 1989 na kuanza kutumika mwaka 1992. Nchi za Afrika ziliuona mkataba huo kuwa legevu, kwani uliruhusu taka kupita endapo nchi inayopokea imekubali. Zikatunga wa kwao mjini Bamako mwaka 1991, unaokataza kabisa kuingiza taka za hatari barani.

Mikataba yote miwili ilikuwa na tundu moja. Kompyuta inayoitwa taka huzuiwa, lakini kompyuta ileile ikiitwa mtumba hupita. Katika tundu hilo yalipita makontena mengi ya miaka iliyofuata.

Ulaya: kutoka wazo hadi sheria

Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulitoa maelekezo mawili kwa pamoja. La kwanza liliwabebesha wazalishaji gharama za kukusanya na kurejeleza vifaa vya umeme na elektroniki, na kuzitaka nchi wanachama zikusanye kilo 4 kwa kila mkazi kwa mwaka. La pili lilizuia au kupunguza matumizi ya risasi, zebaki, kadimiamu na sumu nyingine katika vifaa vipya. Alama ya sheria ya kwanza imeenea duniani: pipa la magurudumu lililopigwa msalaba, linaloonekana nyuma ya chaja na simu nyingi hata katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi. Mstari mweusi chini ya pipa hilo unamaanisha kuwa kifaa kiliingia sokoni baada ya tarehe 13 Agosti 2005.

Kipimo cha kilo 4 kilikuwa na dosari. Nchi inayonunua vifaa vingi ingeweza kukifikia bila jasho, na nchi maskini ya Umoja huohuo ikahangaika. Marekebisho ya 2012 yaliacha kilo na kuchukua uwiano: kuanzia 2019, nchi ikusanye asilimia 65 ya wastani wa uzito wa vifaa vilivyouzwa katika miaka mitatu iliyotangulia. Marekebisho hayo yaligusa pia tundu la mtumba. Badala ya ofisa wa forodha kuthibitisha kwamba shehena ni taka, sasa msafirishaji ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba vifaa vyake vimepimwa na vinafanya kazi.

Japani: kulipa mwishoni

Japani ilipita njia nyingine. Sheria yake ya vifaa vya nyumbani, iliyoanza kutumika Aprili 2001, iligusa aina nne tu: televisheni, majokofu, viyoyozi na mashine za kufulia. Mtu anayetupa kifaa ndiye anayelipa, naye muuzaji hukipokea na kukipeleka katika viwanda vilivyojengwa na wazalishaji waliojigawa makundi mawili. Kwa kuwa viwanda hivyo ni vya wazalishaji wenyewe, wabunifu walifika kuona bidhaa zao zikibomolewa, na ndoto ya Lindhqvist ikapata mahali pa kutimia. Upande wa pili, ada inayodaiwa siku ya kutupa ilimpa mwananchi sababu ya kukwepa. Vifaa vilivyotelekezwa kando ya barabara na misituni vikawa tatizo la serikali za mitaa.

Simu na vifaa vidogo vilipata sheria yao, iliyoanza kutumika mwaka 2013. Faida yake ilionekana duniani kote katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Kuanzia Aprili 2017 hadi Machi 2019 wananchi walirudisha tani 78,985 za vifaa vidogo, zikiwemo simu milioni 6.21. Kutokana na mzigo huo zilipatikana kilo 32 za dhahabu, kilo 3,500 za fedha na kilo 2,200 za shaba nyeusi, na medali zote zipatazo 5,000 zikatengenezwa humo.

Guiyu, Lagos na Accra

Wakati Ulaya na Japani zinatunga sheria, sehemu kubwa ya taka za dunia ilikuwa ikichambuliwa kwa mikono mahali pasipo na sheria wala glavu. Mwaka 2002 mashirika mawili ya Marekani yalitoa ripoti juu ya Guiyu, mji wa mkoa wa Guangdong kusini mwa China, ambako nyaya zilichomwa ili kupata shaba, bodi zilikaangwa juu ya makaa ili risasi ya kulehemu iyeyuke, na dhahabu ilitolewa kwa kuloweka vipande katika asidi kandokando ya mto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwapima watoto 165 wa mji huo, na zaidi ya wanne kati ya kila watano walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichohesabiwa kuwa cha tahadhari wakati huo. Mwaka 2005 ripoti nyingine ilionyesha makontena mamia yakiingia Lagos kila mwezi yakiwa na vifaa vya mtumba, vingi vikiwa vimekufa kabla ya kupanda meli. Agbogbloshie, mtaa wa Accra wenye soko na wachambuzi wa vyuma chakavu, nao ukajulikana kwa moshi wa nyaya.

Sura hizo za moshi zilificha jambo moja. Watu wa Guiyu na Agbogbloshie walikuwa na kile ambacho mifumo ya Ulaya ilikikosa, nacho ni ukusanyaji. Mkokoteni wa mnunuzi wa chuma chakavu hufika kila kichochoro, tena humlipa mwenye kifaa badala ya kumdai. Serikali zilizojenga kiwanda kizuri bila kumhesabu mtu huyu ziliona kiwanda kikikaa tupu.

China ililijibu tatizo hilo kwa fedha. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2011 na mfuko ulioundwa mwaka 2012 viliwatoza wazalishaji na kuwalipa wabomoaji wenye leseni kwa kila kifaa, ili waweze kumpa mwenye mkokoteni bei nzuri kuliko mchoma nyaya. Vifaa vilimiminika viwandani, televisheni za kichogo zikiongoza, kiasi kwamba malipo yakauzidi mfuko. Karakana za Guiyu zilihamishiwa ndani ya eneo maalumu la viwanda mwaka 2015. Ghana ilitunga sheria yake mwaka 2016, ikiwataka waagizaji walipe tozo kabla ya vifaa kuingia. Wachambuzi wa Agbogbloshie, hata hivyo, waliondolewa kwa nguvu mwezi Julai 2021. Uwanja ulisafishwa, kazi ikatawanyika mitaani.

Nairobi 2006 na mpango wa pande mbili

Mwishoni mwa Novemba 2006 nchi wanachama wa mkataba wa Basel zilikutana Nairobi, miezi mitatu tu baada ya taka za sumu za meli ya Probo Koala kumwagwa Abidjan. Taka za kielektroniki ndizo zilizokuwa mada kuu, na Azimio la Nairobi lililotoka hapo lilizifanya ajenda rasmi ya mkataba.

Miaka hiyo watafiti waliokuwa wakipima kazi za mafundi wa Bangalore, India, waligundua kuwa njia ya asidi huokoa takriban robo tu ya dhahabu iliyomo katika bodi, iliyobaki ikimwagwa na maji machafu. Viyeyushio vikubwa kama kile cha Umicore huko Hoboken, Ubelgiji, huokoa karibu yote, pamoja na metali nyingine zaidi ya kumi. Lakini mkono wa binadamu huishinda mashine ya kusaga katika kubomoa, kwa sababu hutenganisha vipande safi bila kuvichanganya na vumbi. Kutokana na hayo ulizaliwa mpango wa pande mbili: kubomoa kufanywe kwa mikono pale taka zilipo, ambako ajira inahitajika, chuma, alumini, shaba na plastiki viuzwe hukohuko, bodi za saketi na betri zipelekwe kwenye viyeyushio vichache vyenye vichujio vya moshi, fedha za dhahabu zirudi kwa aliyebomoa.

Afrika Mashariki

Afrika Mashariki ilikuwa na urejelezaji kabla ya neno lenyewe kuzoeleka. Mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam na wa jua kali wa Kamukunji jijini Nairobi wamefua majiko, masanduku na makarai kutokana na vyuma chakavu kwa vizazi. Fundi redio na fundi simu huvunja vifaa viwili ili kimoja kipone. Kifaa kinachodumu miaka mitano zaidi mkononi mwa fundi ni taka iliyoahirishwa, na hakuna kiwanda kinachofanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kama ile. Mifupa tu ndiyo isiyo na fundi: kioo cha kichogo, tona, gesi ya jokofu, betri iliyovimba.

Serikali zilianza kwa kufunga mlango. Uganda ilipiga marufuku majokofu, televisheni na kompyuta za mtumba kwa sheria ya fedha ya mwaka 2009. Kenya ilitoa mwongozo wa taka za kielektroniki mwaka 2010. Kufikia 2021 Tanzania Bara ilikuwa na kanuni zake za kusimamia taka za vifaa vya umeme na elektroniki.

Kituo cha WEEE Centre jijini Nairobi kilianzishwa mwaka 2012 kutoka tumboni mwa Computers for Schools Kenya, shirika lililokuwa likigawa kompyuta za mtumba kwa shule tangu 2002 na ambalo lilijikuta na swali la nini kifanyike kompyuta hizo zikifa. Kwa ushirikiano na WorldLoop ya Ubelgiji, kituo hicho kilifuata mpango wa pande mbili: kubomoa Nairobi, na kupeleka Ulaya vipande visivyoweza kutunzwa salama Kenya.

Rwanda ilianza na jengo. Serikali ilijenga kituo wilayani Bugesera, chenye uwezo wa kuchakata tani 10,000 kwa mwaka, na mwishoni mwa 2017 uendeshaji ukakabidhiwa kwa Enviroserve Rwanda, kampuni yenye asili ya Dubai, kwa ubia na serikali. Kanuni za mwaka 2018 zikafuata, na vituo vya kukusanyia vikafunguliwa katika wilaya mbalimbali. Kompyuta zinazofaa hutengenezwa na kuuzwa tena, zisizofaa hubomolewa.

Kenya ilifika kwenye swali la ada mwaka 2024, na jibu lilitoka barabarani. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa na tozo ya mazingira kwa bidhaa nyingi, vikiwemo vifaa vya kielektroniki. Kwa hesabu ya mnunuzi, tozo hiyo na ada ya Uswisi ni ndugu: zote hulipwa mapema. Kwa hesabu ya mfuko hazifanani, kwa maana tozo ya Kenya ilikuwa kodi inayokusanywa na serikali, na hapakuwa na kituo mtaani ambapo mlipaji angerudisha kifaa chake bure na kuiona fedha yake ikifanya kazi. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliokuwa wakiupinga mswada mzima waliingia Bungeni, na kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Kanuni za wajibu wa mzalishaji za mwaka huohuo, zilizotungwa chini ya sheria ya taka ya 2022, zimeshika njia iliyo karibu zaidi na Swico: wazalishaji na waagizaji wenyewe wawajibike kukusanya na kurejeleza, peke yao au kwa kujiunga pamoja.

Mizani ya leo

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Tundu la mkataba wa Basel limezibwa kwa kiasi: kwa pendekezo la Uswisi na Ghana lililopitishwa mwaka 2022, tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, za hatari na zisizo za hatari, hazivuki mpaka bila nchi inayopokea kujulishwa na kuridhia.

Mifumo mingi iliyodumu, ukiacha wa Japani unaotoza mwishoni, imefanana katika mambo machache. Fedha hukusanywa kifaa kikiwa kipya na hukaa katika mfuko wa kazi hiyo tu. Anayerudisha kifaa hatozwi, au hulipwa. Mwenye mkokoteni na fundi huingizwa ndani ya mfumo badala ya kufukuzwa. Na vipande vigumu vina mahali vinapopelekwa. Iliyoyakosa mengi ya hayo ilielekea kurudi palepale ilipoanzia: shaba kwenye mizani ya mnunuzi, na kioo cha kichogo mtaroni.